Likizo ya Lamu Kabla ya Desemba: Panga Mapema, Lipa kwa Awamu

Kila Desemba hadithi ni ile ile. Watu wote wanataka Pwani, nauli inapanda, nyumba za wageni zinajaa, na mwenye nyumba anakwambia: lipa yote leo ama nimpe mwingine. Unalipa, kwa sababu huna la kufanya.

Sasa, sogeza safari hiyo nyuma wiki chache tu. Nenda Septemba au Oktoba. Bei inashuka, hilo wengi wanalijua. Lakini kuna faida nyingine ambayo wateja wengi hawaitumii: vyumba vikiwa wazi, wewe ndiye mwenye usemi. Unaweza kuomba ulipe kidogo sasa na zingine ukifika. Unaweza kuomba kuandikiwa masharti ya kurudishiwa pesa. Kwa mtu aliyeweka akiba miezi mitatu ili awatoe watu wake kidogo, usemi huo unaweza kuwa na faida kuliko punguzo lenyewe.

Katika makala hii tunachukua kisiwa cha Lamu kama mfano. Utaona wakati mzuri wa kwenda, gharama ambazo watu husahau, na jinsi ya kulipa kwa simu bila kuweka akiba yako yote mikononi mwa mtu usiyemjua.

Msimu wa kati ni upi?

Pwani huwa na vipindi vitatu vya bei. Kuna kilele: Krismasi na Mwaka Mpya, Pasaka, na likizo ya shule ya Agosti. Kuna msimu wa chini, wakati wa masika. Lamu, mvua kubwa huja kati ya Aprili na Juni, na Mei ndio huongoza. Baadhi ya hoteli hufunga kabisa wakati huo ili zifanyiwe marekebisho. Halafu kuna msimu wa kati, ambapo mvua kubwa imepita lakini wageni bado hawajafurika.

Kwa Lamu, msimu wa kati mzuri zaidi ni Septemba na Oktoba. Sababu ni upepo. Kuanzia Aprili hivi, kusi huvuma, na kati ya Juni na Agosti huwa na nguvu. Bahari ya nje inachafuka na safari za mashua zinakuwa za kurushwarushwa. Kusi inapoanza kuchoka, bahari inatulia. Wazee wa Pwani wana jina la majira haya: demani. Baadaye kaskazi huingia, na Desemba ikifika wageni wako tele.

Hata ndani ya msimu wa kati kuna siku za kuangalia:

- Wikendi ndefu. Oktoba ina sikukuu mbili, tarehe 10 na tarehe 20. Zikiangukia karibu na wikendi, bei hupanda kama ya Agosti. Ingia Jumapili, toka Alhamisi, uone tofauti.
- Maulidi. Lamu ina sherehe kubwa za Maulidi ambazo huleta wageni kutoka kila upande. Tarehe yake hufuata kalenda ya Kiislamu, kwa hivyo huja mapema kwa takriban siku 11 kila mwaka. Ukitaka kuziona, weka nafasi mapema sana. Ukitaka utulivu, ziepuke.
- Tamasha la Utamaduni la Lamu. Kwa kawaida huwa Novemba. Ni shangwe tupu, lakini usitarajie punguzo.
- Ramadhani. Mji wa Lamu ni mji wa Kiislamu. Mchana mikahawa mingi hufungwa. Si kizuizi, lakini jua mapema.

Jambo la mwisho kuhusu hali ya hewa, na hili huwashika wengi. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, huwa si kubwa sana Lamu kwenyewe. Lakini barabara ya kwenda Lamu inapita bonde la Mto Tana, na maji ya mto huo hutoka nyanda za juu, mbali kabisa. Mwishoni mwa 2023, mvua za El Niño zilipofurisha mto, barabara kati ya Garsen na Lamu ilikatika na wasafiri wakakwama. Kwa hivyo usiangalie utabiri wa Lamu peke yake. Angalia pia mvua huko Mlima Kenya na Aberdare, hasa ukisafiri Novemba.

Piga hesabu ya safari nzima, si ya kitanda tu

Tangazo litakuonyesha bei ya chumba kwa usiku mmoja. Hiyo ni sehemu tu. Lamu ni kisiwa, na kila hatua ya kufika ina bei yake.

Ukitumia ndege, unatua uwanja ulio kisiwa cha Manda, si Lamu. Kutoka hapo lazima uvuke kwa boti. Uliza kama hoteli inakuja kukuchukua ama unajilipia. Uliza pia uzito wa mizigo. Ndege ndogo nyingi hukuruhusu kama kilo 15, na ukizidisha unalipa.

Ukitumia nchi kavu kutoka Nairobi, kuna reli ya SGR hadi Mombasa. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa hadi KSh 1,500 Januari 2024, kwa hivyo thibitisha bei ya sasa kabla ya kupanga. Kutoka Mombasa kuna mabasi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha unavuka kwa boti. Mabasi hayo huondoka asubuhi mapema. Maana yake ni kwamba ukifika na treni ya jioni, utalala Mombasa usiku mmoja. Usiku huo watu husahau kuuweka kwenye bajeti. Ulizia pia hali ya usalama barabarani siku hizo, na usafiri mchana.

Ukishafika, gharama za kila siku ni boti, chakula na matembezi. Mji wenyewe ni wa kutembea kwa miguu. Vichochoro ni vyembamba, na mizigo hubebwa na punda au mikokoteni. Kutoka mjini hadi Shela, penye ufuo mrefu wa mchanga, ni kama kilomita 3. Unaweza kutembea au kupanda boti.

Swali lingine la lazima: bei hii ni ya shilingi au ya dola? Hoteli nyingi zina bei mbili, ya wageni kutoka nje na ya wakaaji wa Kenya. Usione haya kuuliza bei ya mkaaji. Ni haki yako.

Akiba kwanza, nyumba baadaye

Tuseme ninyi ni wawili, mmejumlisha kila kitu na mmefika KSh 52,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, yaani KSh 5,200. Jumla ni KSh 57,200. Mkianza katikati ya Juni, mna wiki 13 hadi katikati ya Septemba. Hiyo ni KSh 4,400 kwa wiki, au KSh 2,200 kila mmoja.

Pesa hizo zikikaa kwenye salio la kawaida la simu, zitaliwa. Leo tokeni, kesho mchango wa harusi, keshokutwa "nisaidie nitarudisha". Ziweke kwenye akiba ya simu iliyofungwa hadi tarehe fulani, na uchague tarehe ya kufunguka iwe wiki mbili kabla ya safari. Kabla ya kufunga, toa kando ile sehemu ya malipo ya awali, kwa sababu utaihitaji mapema.

Na tafadhali, usiende likizo kwa mkopo wa simu. Mkopo wa haraka umetengenezwa kwa dharura ya siku chache. Likizo ya siku nne isikuache ukilipa riba hadi Krismasi.

Mkienda kama chama au kundi la marafiki, chagueni mtu mmoja wa kupokea michango na mwingine wa kushikilia orodha. Kila anayetuma aandike jina lake na kiasi kwenye kundi. Mambo mengi ya "mimi nilituma" huisha hapo.

Hakikisha nyumba ipo, na mwenyeji ni yeye

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Matapeli wanajua kwamba msimu huu watu wanatafuta ofa. Wanachukua picha za nyumba nzuri ya watu, wanaweka kwenye mitandao ya kijamii kwa nusu bei, halafu wanasubiri. Ujumbe wao huwa na mtindo mmoja:

*"Habari dada. Hiyo nyumba iko, lakini kuna mteja mwingine ameitaka saa hii. Tuma 15,000 kwa hii namba nikufungie, usikose. Till yetu ina shida leo."*

Soma tena polepole. Haraka. Mteja wa pili ambaye humwoni. Namba ya mtu binafsi badala ya ya biashara. Visingizio. Katika msimu ambao nyumba nyingi ziko wazi, haraka hiyo yote inatoka wapi?

Kabla ya kutuma hata shilingi, fanya haya:

1. Omba simu ya video, moja kwa moja. Mwambie akuonyeshe chumba, paa, kisha atoke nje ya mlango akuonyeshe kichochoro. Tapeli atakutumia video iliyorekodiwa zamani.
2. Muulize: "Nikishuka jeti, nafikaje kwako?" Nyumba nyingi za mji wa kale hujulikana kwa jina, na mgeni hupotea kirahisi. Mwenyeji wa kweli atakueleza msikiti au duka la kupitia, au atakwambia anatuma mtu wa kukupokea. Tapeli atasema, "Ukifika utanipigia."
3. Omba nakala ya leseni. Biashara ya malazi huhitaji kibali cha kaunti, na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii ndiyo husajili na kutoa leseni kwa hoteli na mawakala wa safari. Linganisha jina lililo kwenye kibali na lile utakaloona ukilipa.
4. Tafuta namba nyingine. Piga simu kwenye namba iliyo kwenye ramani ya intaneti au tovuti ya nyumba hiyo, si ile iliyo kwenye tangazo pekee. Uliza kama wanamjua anayekuhudumia.

Mambo yote manne huchukua nusu saa. Mwenye biashara halali hatakasirika, ameshazoea kuulizwa.

Lipa kwa awamu, kwa maandishi

Sasa tumia ule usemi wako. Tuseme nyumba ni KSh 5,000 kwa usiku, na mnalala usiku nne. Jumla ni KSh 20,000. Badala ya kutuma zote, andika hivi:

*"Assalam aleykum, kaka. Tumependa nyumba. Tunaomba tulipe 6,000 leo kushikilia nafasi, na 14,000 tukifika na kuiona. Tukighairi siku 14 kabla, tunaomba turudishiwe ile 6,000. Mkikubali, tuandikie hapa na ututumie Till ya biashara. Shukran."*

Desemba, ujumbe huo ungeweza kukosa jibu. Septemba, mara nyingi mtapatana. Pengine atataka 8,000, ama siku 21 badala ya 14. Sawa, hayo ni mazungumzo. Muhimu ni kwamba masharti yameandikwa, na kiasi kikubwa bado kiko kwako. Mambo yakienda vibaya, kupoteza 6,000 kunauma. Kupoteza 20,000 kunavunja safari nzima.

Wakati wa kulipa:

- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina la anayepokea likitokea, lilinganishe na jina la biashara. Halilingani? Simama hapo hapo. Uliza kwanza.
- Pendelea Till au Paybill. Till peke yake si uthibitisho kwamba mtu ni mwaminifu, lakini imesajiliwa kwa jina la biashara na huacha rekodi nzuri. Ukitumia namba ya mtu, kwa kawaida wewe ndiye unalipia ada ya kutuma.
- Hifadhi ujumbe wa muamala. Ile SMS yenye kodi ya muamala ndiyo risiti yako. Usiifute. Mwenyeji akisema hajaona pesa, msomee kodi hiyo aitafute kwenye taarifa yake ya akaunti. Usitume mara ya pili "ili tusichelewe".

Umemlipa wakala wa safari badala ya mwenye nyumba? Subiri siku moja, kisha mpigie mwenye nyumba mwenyewe umuulize kama jina lako limeingia kwenye kitabu.

Ukiwa kisiwani

Mji wa kale wa Lamu ulitambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, na ni mji ambao watu wanaishi ndani yake, si maonyesho. Vaa kwa heshima mjini, salimia kwanza kabla ya kuuliza bei, na omba ruhusa kabla ya kupiga mtu picha. Heshima hiyo, pamoja na Kiswahili chako, hukupatia bei nzuri kuliko kupiga kelele.

Kuhusu pesa, chukua tahadhari hizi. Wauzaji wengi mjini hupokea malipo kwa simu, lakini ATM ni chache, umeme hupotea, na ukienda visiwa vya mbali mtandao nao hukatika. Mawakala wadogo wanaweza kuishiwa na floti, hasa jioni na siku za sherehe. Kwa hivyo beba pesa taslimu za siku moja hadi mbili, za noti ndogo. Toa kwa mpango: kutoa KSh 1,000 mara tano hukugharimu zaidi kuliko kutoa KSh 5,000 mara moja, kwa sababu ada huhesabiwa kila unapotoa. Na usisahau kitambulisho chako halisi. Wakala atakiomba, na safarini utaulizwa.

Ukipanga kuingia Ngome ya Lamu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, au makumbusho, kumbuka kwamba viko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, Paybill 222222. Mtu akikwambia umtumie yeye kwa simu yake ndio "akuingizie haraka", mshukuru uende zako.

Safari za mashua hazina bei iliyoandikwa ukutani. Patana na nahodha kabla ya kupanda: bei ni ya mtu au ya mashua nzima? Chakula kimo? Jaketi za kujiokolea ziko ngapi? Ukitaka kuona magofu ya Takwa, kisiwani Manda, uliza maji. Mashua hufika huko kupitia mkondo katikati ya mikoko, na huhitaji maji yajae. Nahodha mzuri atakwambia siku na saa kabla hata hujataja pesa. Mpe malipo kidogo ya kununulia samaki na mkaa, zingine mkirudi salama.

Mambo yakiharibika

Umetuma kwa namba isiyo yako? Anza ombi la kurudisha muamala papo hapo kupitia menyu ya huduma au kituo cha wateja. Kila dakika ina maana, kwa sababu aliyepokea akishatoa pesa hizo, kuzirudisha kunakuwa kugumu sana. Usimpigie aliyepokea kwanza ukimbembeleza. Unampa nafasi ya kuzitoa.

Umegundua umetapeliwa? Ripoti kwetu na kwa kituo cha polisi, ukiwa na kodi ya muamala, namba ya simu na picha za mazungumzo yote. Tukipata taarifa mapema tunaweza kuzuia pesa zilizobaki na kufunga laini isitumike kwa mwingine.

Ukiwa ufukweni mtu akakupigia akidai amekutumia pesa kimakosa, angalia salio lako mwenyewe, usiamini SMS. Hata zikiwa zimeingia kweli, usirudishe kwa mkono. Mwambie apitie huduma kwa wateja. Na kumbuka: sisi hatutakuuliza PIN yako kamwe, hata uwe likizoni, hata tuwe tunakusaidia.

Simu ikiangukia majini au ikipotea, tumia simu ya mwenzako kupiga huduma kwa wateja ili laini ifungwe. Ndiyo maana tunashauri mnaosafiri wawili mgawane pesa kwenye laini mbili.

Kabla hujabonyeza "Tuma", jiulize

- Nimeona nyumba kwa video ya moja kwa moja?
- Jina la Till linalingana na jina la biashara?
- Masharti ya kughairi yameandikwa?
- Ninatuma malipo ya awali tu, ama nimeanza kutuma zote?
- Nikizipoteza hizi leo, bado nina nauli ya kurudi nyumbani?

Ukijibu hilo la mwisho kwa "ndiyo", tuma. Safari njema, na usiondoke Lamu kabla hujala samaki wa kupaka.